Nyuma ya Goli

Jumatano, 8 Mei

Mdogo wangu Komeo,

Nakuandikia kwa kalamu kama mtu wa zamani kwa sababu kocha wenu amekusanya simu zenu zote akazifungia kabatini. Dereva wa timu, huyu jirani yetu wa nyumba ya pili, ameniambia atakuwa anapeleka vyakula kambini kila Jumatatu na Alhamisi, analala huko, na asubuhi anarudi. Anasema kocha ameruhusu barua kwa sababu barua haipigi kelele. Hapo nimemkubali kidogo.

Habari za huku ni wewe. Tangu Jumamosi hakuna nyingine. Mteja anaingia kupimwa sketi, nimeshamzungushia futi kiunoni, ndipo anauliza kwa upole kama ni kweli mimi ndiye niliyeshona zile fulana. Najibu ndiyo, ni mimi. Mwenyekiti wa klabu alikuja mwenyewe chumbani kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema ligi imekwisha, sare inatutosha, na hao tunaocheza nao ni wabeba mizigo wa sokoni waliojifunza mpira juzi. Akataka fulana zenye neno MABINGWA kifuani, wachezaji wazivae ndani ya jezi na kuzifunua filimbi ya mwisho ikilia. Nilishona, mdogo wangu. Herufi za njano, kubwa, na nilizipiga pasi moja moja huku naimba. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilikuwa mmoja wa waliosifia.

Sasa ngoja nikueleze ulivyoonekana kwa nje, maana wewe ulikuwa ndani ya jezi, hukuona. Dakika zinakwisha, hakuna goli. Faulo katikati ya uwanja, ya kwao. Na wewe, kipa wa timu isiyofungwa msimu mzima, unaupa mpira mgongo na kuanza kupandisha jezi ili uonyeshe fulana. Glavu zikanasa kwenye kitambaa. Jezi ikakuziba uso. Mpira ukakupita juu ukiwa bado unahangaika na kichwa chako kama mtoto anayevuliwa sweta. Uwanja mzima ulicheka kwanza, kulia kulikuja baadaye. Sasa mmelingana nao pointi na magoli, na chama kimeamua mcheze tena tarehe moja Juni, mechi moja tu, atakayeshinda abebe kombe.

Lakini si hilo lililonifanya nishike kalamu. Uliyekuwa unamwonyesha fulana ni mama. Tangu uanze mpira anakaa pale pale nyuma ya goli lako, na dakika ile alikuwa amesimama anakupungia kitambaa chake. Tangu turudi nyumbani hajala kitu cha maana. Anasema yeye ndiye aliyekufungisha. Anarudia hivyo hivyo, akiosha vyombo, akikunja nguo. Nimemwambia mara ngapi sijui, ila mimi si wewe.

Naomba kitu kimoja. Mwandikie mstari mmoja tu: mama, si kosa lako. Mengine yote niachie mimi.

Dada yako,
Fundi


Ijumaa, 10 Mei

Dada,

Barua imefika. Umecheka vya kutosha, sasa acha na sisi tucheke.

Tuko kwenye chuo kilichofungwa. Vitanda vya chuma, madirisha hayana vioo, maji ya kuoga yanauma meno. Zile fulana zako hatujazivua. Kocha ameamuru tuzivae mazoezini kila siku, jioni tuzifue kwa mkono wenyewe, tuzianike kwenye kamba iliyo mbele ya bweni, ili tukiamka asubuhi kitu cha kwanza kusoma kiwe hicho. MABINGWA, MABINGWA, MABINGWA, kamba nzima. Mwenyekiti alikuja kututembelea, akaona, akasema kocha anawadhalilisha vijana. Kocha akamtafutia fulana ya ukubwa wake.

Mimi nina zoezi langu peke yangu. Nasimama golini, mmoja anapiga mashuti, na wengine wote wanajipanga nyuma ya goli. Wanapiga miluzi, wanaita jina langu, wanatukana. Winga wetu wa kulia anajua kuigiza sauti, basi anaigiza ya mama. "Mwanangu, nitazame!" Nikigeuka, hata jicho tu, tunaanza upya. Siku ya kwanza tulianza upya mpaka jua likazama. Leo sikugeuka hata mara moja, na winga ameshakauka koo. Usinionee huruma, mwonee yeye.

Hilo la mama. Dada, usinipe kazi ya kubembeleza watu. Kocha katuambia kila mtu abebe lake na asibebe la mwenzake, ndiyo maana tulifungwa, kila mtu alikuwa na lawama ya mwenzake mkononi. Langu nimelibeba. La mama ni la mama. Alinipungia, nikageuka. Asingepunga nisingegeuka. Sisemi kwa ubaya, nasema kilichotokea. Mwambie mechi ya marudio asikae nyuma ya goli, na kama inawezekana asije kabisa. Atasikiliza kwenye redio kama watu wengine.

Mdogo wako,
Komeo


Jumatano, 15 Mei

Komeo,

Barua yako mama ameisoma. Nilikusudia nimsomee mimi, niruke pale pa kuruka, lakini dereva alifika nikiwa na bibi harusi mlangoni na pini mdomoni, akampa mama. Umesahau mama anajua kusoma. Alisoma amesimama, akaikunja, akaiweka chini ya cherehani. Nilimwuliza umesema nini. Akajibu kwamba umesema kweli.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, ndivyo wasemavyo. Wewe ulifunzwa na mamako, na huo ndio ufundi wako wa kushukuru. Nilitaka kukutukana ukurasa mzima. Nimeanza mara tatu nikachana, kwa sababu mama amekaa hapa pembeni ananiangalia.

Anasema nikusalimu. Anasema pia nikuandikie kwamba yeye hajambo. Nimemwambia siwezi kuandika hivyo. Amesema niandike hivyo hivyo, akili ya mwanawe isitoke golini tena kwa ajili yake. Basi naandika kama nilivyoagizwa: mama hajambo. Miguu iliyovimba haijambo. Kifua kinachomkalisha kitandani, kwa sababu akilala chali hapati pumzi, nacho hakijambo. Amehamia kulala chumbani kwangu kwa sababu ngazi zinamshinda, nako hakujambo.

Ile fulana iliyobaki, ile niliyoikosea mkono mmoja ukawa mfupi, ameichukua analalia. Nimemwambia aivue, watu wanatucheka. Kasema kitambaa bado kizima na mwanawe hajafa.

Hujaombwa kuja. Umeombwa mstari mmoja. Nauomba tena.

Dada yako,
Fundi


Ijumaa, 17 Mei

Dada yangu,

Ulichoandika kuhusu mama nimekielewa, usifikiri mimi ni jiwe. Watu wazima huvimba miguu. Mpe dawa, apunguze kusimama, hata wewe mwaka ule ulivimba ukapona. Maneno yako siku zote yana ukali kuliko ugonjwa wenyewe.

Ngoja nikupe habari nzuri. Timu imerudi. Si ile timu ya kucheka cheka. Tukila hakuna anayezungumza. Tukicheza wenyewe kwa wenyewe, nimekaa wiki nzima sijafungwa goli hata la bahati. Kocha hajanisifu, lakini jana alisimama nyuma ya goli yeye mwenyewe akanitukania ukoo mzima kuanzia babu, na nilidaka mpira nikamrudishia. Sasa hivi hata nyumba ikiungua mgongoni kwangu sigeuki. Nilikuwa nadhani umakini ni kitu cha kuzaliwa nacho. Kumbe ni kukata tu. Unakata hiki, unakata kile, mpaka unabaki wewe na mpira.

Beki wetu wa kushoto hajaelewa bado. Kila jioni kocha akimaliza kula anauliza swali lile lile: kuna mwenye jambo nyumbani? Sisi wote kimya. Ni mtego, dada, mtu mwenye akili anauona. Beki akanyoosha mkono, akasema baba yake mdogo amefariki. Kocha akampa pole, akampa gari, akaenda akazika. Alirudi baada ya siku mbili akakuta jezi yake imevaliwa na mwingine. Hakufukuzwa, hakutukanwa, amekaa tu benchi na uso kama mtu aliyesahau kitu sokoni. Na nyuma yangu mimi kuna Kibiriti, kipa wa akiba, mdogo, mwepesi, hana mke hana mtoto, ananiangalia mikono yangu nikivaa glavu. Anasubiri nipate jambo nyumbani.

Hatapata. Watu wa mji ule tulikofungwa walinicheka, dada. Kuna mtu alinitupia fulana ya mtoto wakati tunapanda basi. Nataka wanione tena nimesimama pale pale. Baada ya hapo chochote mnachotaka nitafanya.

Msalimu mama. Mwambie aniombee.

Komeo


Jumapili, 19 Mei

Mdogo wangu,

Leo sikutukani. Soma mpaka mwisho.

Mama yuko hospitali tangu jana asubuhi. Yuko wodi ya wanawake, kitanda cha mwisho karibu na dirisha. Daktari kaniita kando kwenye korido akaniambia moyo umechoka, maji yamejaa mapafuni, na kama kuna mtoto mwingine aje. Hakusema aje lini. Nilimwuliza, akatazama viatu vyake.

Mama amenikataza kukuandikia haya. Ameniapisha. Navunja kiapo cha mama yangu nikiwa na akili zangu timamu, na dhambi yake nitaibeba mimi, wewe usihangaike nayo. Mchana ananiuliza mazoezi yanaendaje. Namwambia hujafungwa wiki nzima, anacheka, kucheka kunamletea kikohozi. Halafu usingizini anakuita. Si jina la mpira, anakuita lile alilokuita utotoni ambalo umetukataza sote kulitaja.

Ni mwendo wa saa mbili tu kutoka hapo ulipo. Nimezungumza na dereva. Kesho atakuja na barua hii, Jumanne asubuhi anarudi na gari tupu. Panda. Kaa na mama dakika tano, umshike mkono, umwambie ule mstari. Mchana atakurudisha kambini. Mwambie kocha unakwenda kung'oa jino, mwambie chochote. Akimpa Kibiriti nafasi yako, basi, mpira upo hata mwakani. Njoo.

Dada yako anayekupenda hata kama haonyeshi,
Fundi


Jumatano, 22 Mei

Dada mpendwa,

Juzi dereva alikuja lakini hakuniletea barua yoyote. Amesema mvua ilipiga njiani, karatasi zote zililowa, akazitupa. Kwa hiyo kama uliandika jambo, sikulipata. Sasa namwachia mpishi barua hii, yeye anakuja mjini kesho asubuhi.

Huku ni vilevile. Chakula kibaya, mpira mzuri. Winga amechoka kuigiza, sasa kocha ameleta redio kubwa, anafungulia kelele za uwanja nyuma ya goli. Mimi naona kama mtu ananipepea. Kibiriti jana ameumia kidole, si sana, bahati mbaya. Utani.

Nimekuwa nikifikiri kuhusu ile siku. Tulifungwa kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa ameshafika kwenye sherehe, miguu tu ndiyo ilibaki uwanjani. Sasa nimejifunza. Mtu akiwa na jambo moja, awe na hilo moja. Haya mengine yanasubiri, dunia haiendi popote.

Mwangalie mama. Kuna baridi siku hizi, mwambie asilale karibu na dirisha. Nikirudi nitamletea kombe aliguse.

Mdogo wako,
Komeo


Jumapili, 26 Mei

Komeo,

Nyumbani mama halali karibu na dirisha. Chumba changu kina dirisha moja, na mbele yake pana cherehani na marobota ya vitambaa, panya mwenyewe hafiki. Kitanda cha karibu na dirisha kiko wodini. Nilikitaja kwenye barua uliyosema ililowa.

Dereva nimemwuliza. Haikunyesha mvua. Alikukabidhi mkononi, ukaisoma umeegemea gari, ukamwuliza kama kuna mwingine anayejua. Asubuhi alikusubiri na injini inawaka mpaka mlinzi akamwambia aondoke.

Sitakutukana, nimeahidi na naendelea kuahidi. Umeogopa. Mtu akiogopa husema uongo wa kitoto, nami nimekulea, najua uongo wako wote tangu ule wa sukari. Nimekusamehe huu kabla hujaniomba.

Lakini hali imekuwa mbaya. Sasa anaongea maneno mawili anapumzika. Gari lipo kesho. Njoo, mdogo wangu. Ukifika simama mlangoni tu kama huwezi kuingia. Mimi nitamgeuza akuone.

Dada yako


Jumapili, 2 Juni

Dada,

Nimepiga simu tangu jana, inaita hupokei. Basi naandika, nampa dereva, tumeshaizoea njia hii.

Tumeshinda. Sijui kama ulisikiliza. Sare mpaka mwisho, tukaenda penati, nikadaka mbili. Ya pili aliipiga yule yule aliyenifunga ile faulo, nahodha wao. Aliweka mpira, akanitazama, akapandisha jezi yake kidogo ili watu wacheke. Na walicheka, uwanja wote. Mimi sikusikia kitu, nilikuwa natazama mguu wake tu. Nikaenda kushoto, mpira ukanikuta tayari nimefika. Aliyecheka mwisho unamjua.

Watu wa mji ule ule walionitupia fulana ya mtoto wamenibeba mabegani. Mwenyekiti amelia. Kocha alinishika shingo akaniambia hajawahi kumwona kipa mwenye akili iliyotulia kama yangu. Nimesubiri maneno hayo maisha yangu yote, dada, naomba nawe unipe yako.

Siwezi kuja leo. Tuko hotelini, kesho tunazungushwa mitaani na kombe, keshokutwa tunapokelewa na wakubwa. Labda mwisho wa wiki. Mwambie mama sikutazama nyuma ya goli hata mara moja. Mwambie nilisimama vizuri, atafurahi. Kombe nitamletea alishike kama nilivyoahidi, ni zito kuliko linavyoonekana.

Bingwa wako,
Komeo


Jumanne, 4 Juni

Komeo,

Mama alikufa Jumanne iliyopita. Tulimzika Jumatano. Unajua.

Unajua kwa sababu Alhamisi nilimtuma dereva akwambie kwa mdomo, nikamwambia akwambie wewe mwenyewe kabla ya mtu mwingine, usije ukasikia habari ya mamako kwa wapishi. Alinificha mpaka jana. Jana ndiyo amekaa kwenye kiti cha wateja, akalia, mzee yule, akasema yote. Kwamba alikukuta unaanika fulana. Kwamba alikuambia, nawe ukaendelea kuanika, ukabana vibanio viwili, kimoja kila bega. Kwamba uliuliza kama ameshazikwa, na aliposema ndiyo ukasema basi hakuna haraka tena. Kwamba ulimwomba asimwambie kocha mpaka mechi iishe. Na Jumapili, kaburi lina siku nne, ukakaa hotelini ukaniandikia nimwambie mama atafurahi.

Nimeisoma barua ile mara nyingi. Nilikuwa natafuta kama umechanganyikiwa, ningekuhurumia. Hujachanganyikiwa. Mwandiko umenyooka.

Kocha alikuja jana jioni, peke yake, bila kombe. Dereva alikuwa amemwambia baada ya mechi. Nilitaka kumfukuza, kwa sababu kwa barua zako nilimwona ndiye aliyekufunga kamba. Aliingia akasimama, hakukaa. Akaniambia kila jioni aliuliza kama kuna mwenye jambo nyumbani, na alikuuliza wewe peke yako mara mbili kwa sababu alikuona huli. Ukamjibu kwamba nyumbani wote hawajambo. Nilimwuliza kama angekuruhusu kweli. Akasema, "Ningemruhusu. Ningemweka yule mdogo golini, labda tungefungwa, na ningemruhusu vilevile. Mimi nilimfundisha asigeuke kwa kelele. Hili sikumfundisha mimi." Halafu akatoa kofia, akasema pole, akaondoka. Ule haukuwa mtego. Lilikuwa swali, na beki wenu wa kushoto peke yake ndiye aliyelielewa.

Sasa nikupe za mama, ni zako, sina sababu ya kukaa nazo.

Nilimdanganya kwamba unakuja kesho. Nilimwambia hivyo Jumanne ile ya gari la kwanza, na kila siku kesho ikasogea. Unajua alisema nini? Alisema ukifika nikupe chai na nikurudishe kambini hapo hapo, usikae, jezi yako isije ikavaliwa na mtu. Hakuwa anakutaka ushinde naye kutwa. Ungekuja ukasimama mlangoni, angekufukuza yeye mwenyewe urudi ukacheze. Ungedaka penati zako zote mbili, na mama ungekuwa umemwona.

Usiku wake wa mwisho aliniuliza kama hukumwandikia chochote. Nilichukua barua yako, ile ya kukata hiki na kukata kile, nikajifanya nasoma. Nikasoma: mama, si kosa lako, mimi ndiye niliyegeuka. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hayo si yake. Yule hawezi kusema hivyo. Ni yako hayo." Nilishikwa na aibu nikataka kukunja karatasi. Akanizuia mkono. Akasema yamekaa vizuri, nisome tena. Nilisoma mpaka akalala.

Mstari mmoja, Komeo. Nilikuomba tangu siku ya kwanza, na mwishowe ilibidi niushone mwenyewe, na mteja akaijua mishono.

Umejifunza, hilo nakubali. Mliposhinda msimu mzima vichwa viliwavimba, mkafungwa, na kila mtu akafikiri kufungwa kumekuponya. Kiburi hakikutoka. Kilibadilisha fulana tu. Kwanza ulijiona huwezi kufungwa, sasa unajiona huwezi kuguswa, na hili la pili limekupa kombe, kwa hiyo hakuna atakayekuambia.

Usije mwisho wa wiki. Chumba changu ni cha kazi na siku hizi nina wateja wengi, mabingwa wanavutia watu. Kombe liweke wanapoweka makombe. Kaburi dereva analijua, ukitaka atakuonyesha, sihitaji kuwepo.

Nimempa dereva kifurushi. Ndani kuna ile fulana ya mkono mfupi. Wauguzi waliikata mbele kwa mkasi ili wamsikilize kifua, katikati ya herufi. Nimeishona nikaifua, nikaipiga pasi. Mshono hauonekani, mimi ni fundi.

Mechi ijayo ivae ndani. Ukisikia faulo imepigwa katikati ya uwanja, geuka, pandisha jezi taratibu, glavu zisinase, umwonyeshe. Hakuna atakayekulaumu safari hii. Nyuma ya goli hakuna mtu.

Fundi